Pikipiki Inapolemewa na Mizigo ya Safari: Dalili, Sababu na Marekebisho

Pikipiki iliyokwenda vizuri wiki nzima inaweza kubadilika tabia asubuhi ile ile ya safari, mara tu mabegi yanapofungwa. Usukani unacheza, nyuma inabonyea, taa inamulika vilele vya miti, na mwenye chombo anaanza kumtafuta fundi. Malalamiko ya waendeshaji wa masafa marefu yanafanana sana, na mara nyingi fundi hana la kurekebisha, kwa kuwa hitilafu imo katika wingi wa mzigo au mahali ulipowekwa. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi na ukaguzi usiohitaji vifaa, kisha inaendelea hadi pale mwenye pikipiki anapopaswa kuacha na kumwachia mwenye ujuzi.

Hesabu ya kufanya kwanza

Kabla ya kushika spana, shika mizani. Kitabu cha pikipiki hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani chombo chenyewe, mafuta, mwendeshaji, abiria na mizigo yote kwa pamoja. Ondoa humo uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, na kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Angalia vizuri kama kitabu kimetaja uzito mkavu, usiohesabu mafuta, kwani lita moja ya petroli ina takribani kilo 0.75, na tangi la lita 20 linaongeza kilo 15 ambazo wengi huzisahau.

Chukua mfano. Pikipiki inaruhusiwa kilo 380, na ikiwa na mafuta ina kilo 200, kwa hiyo zinabaki 180. Mwendeshaji wa kilo 80 akivaa helmeti, buti na koti lenye kinga anaongeza kilo 8 hivi, na zinabaki 92. Abiria wa kilo 65 naye avae vivyo hivyo, zinabaki 19 kwa ajili ya mizigo ya watu wawili. Masanduku mawili ya alumini pamoja na keria yake yanaweza kumaliza 15 kati ya hizo yakiwa matupu. Msafiri huyu anabakiwa na kilo 4 za nguo, zana na maji, na hapo ndipo mabegi ya kitambaa kigumu, yenye uzito mdogo zaidi, yanapoonyesha thamani yake. Pima kila begi kwa mizani ya kawaida ya bafuni: panda ukiwa mikono mitupu, kisha panda ukiwa umelibeba, na tofauti ndiyo uzito wake.

Dalili: usukani unatetemeka, au pikipiki yote inayumba

Hizi ni hali mbili, na anayezichanganya hutibu ugonjwa usiokuwapo. Ya kwanza ni mtetemeko wa haraka wa usukani, unaohisiwa mikononi, na mara nyingi hujitokeza mwendo unapopungua. Ya pili ni myumbo wa polepole wa chombo kizima, nyuma ikielea kushoto na kulia kama mkia wa samaki, nao hutokea katika mwendo wa kasi, hasa kwenye kona ndefu au upepo wa ubavuni.

Lolote kati ya haya likitokea barabarani, usikamate breki kwa nguvu na usishindane na usukani. Punguza mafuta taratibu, legeza mikono bila kuachia, bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele kidogo, na uache mwendo upungue wenyewe hadi usimame mahali salama.

Sababu inayoongoza ni boksi la nyuma kujazwa vitu vizito. Boksi hilo hukaa juu na nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, hivyo kila kilo iliyomo hulinyanyua gurudumu la mbele kama mtoto anayekaa kwenye ncha ya pembea ya ubao. Gurudumu la mbele likipungukiwa na uzito, linashika barabara kwa ulegevu na usukani unaanza kucheza. Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo kidogo kwenye kibandiko kilichomo ndani ya boksi, mara nyingi kati ya kilo 3 na 10. Litoe boksi, nenda kilomita chache kwa mwendo wa wastani, na usikilize tofauti. Dalili ikiisha, umepata jibu: zana, maji na vyakula vihamie chini, pembeni, karibu na katikati ya chombo, na boksi la nyuma libaki na vitu vyepesi kama glavu za akiba na koti la mvua.

Inayofuata ni upepo wa tairi. Upime tairi likiwa baridi, yaani kabla ya kuanza safari, kwa kuwa tairi lililopata moto hutoa kipimo kikubwa kuliko hali halisi. Namba ya kufuata ni ile ya kibandiko cha pikipiki au ya kitabu kwa hali ya kubeba mizigo. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, nayo haikutungwa kwa ajili ya pikipiki yako. Ubavuni hapo pia pana namba ya uwezo wa kubeba: 58 maana yake kilo 236, na 66 maana yake kilo 300. Linganisha namba hiyo na ile iliyotajwa kitabuni iwapo tairi lilibadilishwa na mtu mwingine.

Ya tatu ni pande mbili kutolingana. Pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande mmoja, kwa hiyo begi la upande huo hukaa nje zaidi na huvuta kwa nguvu zaidi hata uzito ukiwa sawa. Upande huo upewe mzigo mwepesi kidogo. Baada ya hapo angalia chochote kilichofungwa kwenye usukani, kama kioo kikubwa cha upepo au kifurushi cha nguo, kwa sababu upepo hukishika na kukigeuza kuwa mkono wa pili wa kuendesha.

Ikiwa umeondoa mizigo yote, upepo wa tairi ni sahihi, na bado usukani unacheza, hitilafu imo katika chombo. Nyanyua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole toka upande mmoja hadi mwingine: ukikwama kidogo katikati kana kwamba umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo ya usukani zimechakaa. Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulisukume kando. Likicheza, zipo beringi zilizolegea. Gonga kila spoki kwa spana ndogo, na ile inayotoa mlio mzito tofauti na wenzake imelegea. Yoyote kati ya haya matatu ni kazi ya fundi, na safari isiendelee kabla ya matengenezo.

Dalili: nyuma imebonyea, taa inamulika juu, pikipiki inagonga kwenye mashimo

Springi ya nyuma haijarekebishwa kulingana na mzigo. Marekebisho ya kwanza ni kuikaza springi kwa pete au kitasa chake, na kipimo chake hakihitaji kubahatisha. Nyanyua nyuma hadi gurudumu lining'inie bila uzito, mwambie mwenzako apime kwa futi kutoka kwenye ekseli wima hadi alama moja kwenye mkia. Kisha pakia mizigo yote, keti ukiwa na mavazi ya safari, na apime tena. Tofauti hiyo iwe karibu theluthi moja ya mwendo mzima wa gurudumu la nyuma, kutoka juu hadi chini. Kama mwendo wake ni milimita 150, basi milimita 50 hivi zinatosha.

Kukaza springi hunyanyua nyuma, lakini hakuifanyi springi yenyewe kuwa ngumu zaidi. Ukikaza hadi mwisho na nyuma bado imelala, ama mzigo umezidi ama pikipiki inahitaji springi ngumu zaidi, na kwa uzoefu wangu ni heri kupunguza mzigo kwanza kabla ya kununua springi. Marekebisho yakikamilika, shusha taa ya mbele, kwa sababu dereva anayekuja mbele yako ndiye anayelipia nyuma iliyobonyea. Angalia pia ulegevu wa mnyororo ukiwa na mtu juu ya kiti, maana mkao wa gurudumu hubadilika kadiri springi inavyobonyea, na mnyororo uliokazwa sana bila mzigo unaweza kukakamaa na kuharibu beringi mara chombo kinapolemewa.

Ukiona mafuta yanatiririka kwenye shokapu, au nyuma ikiendelea kuruka mara tatu au nne baada ya tuta moja, acha. Shokapu nyingi za kisasa zina gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwa nguvu kubwa ndani yake, na kuifungua bila vifaa maalumu kunaweza kumjeruhi vibaya anayeifungua.

Dalili: mzigo unasogea, unalala upande mmoja, au mikanda inalegea

Kamba za mpira zenye kulabu ndizo zinazolaumiwa zaidi, na lawama hiyo ni ya haki. Mpira huvutika kila pikipiki inapopita kwenye tuta, mzigo hupanda na kushuka, na kila mshindo unausogeza kidogo. Kulabu ikichomoka wakati wa kufunga inaweza kumpofua mtu. Tumia mikanda ya nailoni yenye bizimu ya kubana, minne kwa mzigo mkubwa: miwili ivute chini na mbele, miwili ivute chini na nyuma. Ifungwe kwenye fremu au keria, kamwe isifungwe kwenye taa za ishara, madigadi, au sehemu yoyote inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu.

Hata mkanda mzuri hulegea mwanzoni, kwa kuwa nguo zilizomo ndani ya begi hushindiliwa na mtikisiko. Simama baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza ukaze upya. Baada ya hapo, kila unapojaza mafuta. Miisho ya mikanda ifungwe au iviringishwe na kubanwa, kwani utepe unaopepea ukinaswa na mnyororo au spoki unaweza kulifunga gurudumu la nyuma papo hapo. Mwisho, mtu mzito akalie kiti mzigo ukiwa umefungwa, uchungulie pengo kati ya begi na tairi. Lisipozidi upana wa vidole vinne, ningelipandisha begi.

Dalili: harufu ya kuungua

Simama mara moja, zima injini, na utazame upande wa bomba la moshi. Karibu kila mara ni begi la kitambaa lililosukumwa na upepo hadi likagusa chuma, au ni mkanda uliolegea.

Niliwahi kusimama kwa sababu ya harufu hiyo nikidhani ni klachi inayoungua. Begi la kulia lilikuwa limekaa mahali pake bila dosari ukilitazama kwa juu. Nilipoinama, niliona mkanda wa chini uliokuwa umegusa bomba: kingo zake zimeyeyuka na kuwa nyeusi na ngumu kama kucha, na uliobaki ukishikilia begi lote ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu kidogo. Upande wa ndani, kona ya begi ilikuwa imetoboka, na soksi iliyokuwa humo ilikuwa ya moto. Tangu siku hiyo huinama kabla ya kuondoka, nikalitazama begi kutoka chini.

Kinga ni keria ya pembeni inayolizuia begi lisisogee ndani, na bamba la chuma juu ya bomba lililowekwa kwa kuacha nafasi ya hewa kati yake na bomba. Bamba lililolala moja kwa moja juu ya bomba hupata moto ule ule. Mafuta ya akiba na mitungi ya gesi ya jiko visikae upande wa bomba kwa hali yoyote, na dumu liwe lile lililotengenezwa kwa petroli, lisijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto. Ukiona moto wenyewe karibu na mafuta, usijaribu kuokoa mabegi. Ondoka, waondoe wengine, na uite kikosi cha zimamoto.

Dalili: vitu vinalowa

Mfuko wa kukunja mdomo hupitisha maji kwa sababu haukukunjwa vya kutosha. Mdomo ukunjwe angalau mara tatu baada ya kutoa hewa, na mfuko uliojazwa hadi hauwezi kukunjika ni mfuko uliojaa kupita kiasi. Majalada ya mvua yanayovishwa juu ya begi husaidia kwa mvua itokayo juu tu, ilhali maji mengi ya safarini hurushwa na gurudumu la nyuma kutoka chini. Funga nguo na matandiko ndani ya mfuko wa pili, mwepesi, usiopitisha maji. Ujaribu nyumbani: tia karatasi kavu ndani, ulimwagie begi maji kwa mpira kwa dakika 10, kisha ufungue utazame ni kona gani imelowa.

Dalili: keria inalia au imepata ufa

Mlio ni bolti iliyolegea, hadi ithibitike vinginevyo. Legeza bolti zote za keria, iweke sawa, kisha zikaze zote kidogo kidogo kwa zamu. Keria iliyovutwa kwa nguvu ili itoshe hukaa na mkazo unaoivunja baadaye. Paka gundi ya kuzuia bolti zisifunguke, na uchore mstari wa rangi unaopita juu ya kichwa cha bolti hadi kwenye keria. Mstari ukikatika, bolti imezunguka, nawe unaiona bila kushika spana.

Ufa huanzia mahali palipochomelewa na huonekana kwanza kama mstari mwembamba wa kutu ndani ya rangi. Waya na mikanda vinaweza kukufikisha kwa mwendo mdogo hadi karakana, mradi umepunguza mzigo. Ufa ukiwa kwenye fremu inayobeba kiti, hasa ya alumini, usipakie abiria na usimruhusu kila mwenye mashine achomelee, kwa kuwa alumini inataka ujuzi wake. Betri itenganishwe kabla ya kuchomelea kwa umeme, vinginevyo vifaa vya elektroniki vinaweza kuungua.

Dalili: simu au betri inasumbua

Betri inayolala usiku kwa kawaida inanyonywa na chaja iliyounganishwa moja kwa moja bila kupitia swichi ya ufunguo. Iunganishwe kupitia swichi, na iwe na fyuzi yake. Kuhusu simu, mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za baadhi ya iPhone, kwa hiyo tumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au iweke mfukoni.

Dalili: mwendeshaji anaumia

Mabega yanayouma na vidole vinavyokufa ganzi mara nyingi hutokana na begi la mgongoni. Uzito wake huning'inia mabegani saa nzima nzima, na ukianguka, kitu kigumu kilichomo humo, kama kufuli au spana, hukandamizwa kwenye uti wa mgongo. Mgongoni pasikae chochote zaidi ya mfuko mwembamba wa maji. Ganzi ikiendelea hata baada ya siku ya mapumziko, mwone daktari.

Baridi ni suala la upepo na jasho zaidi ya unene wa koti. Nguo ya pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu mwilini, na sweta tatu juu yake hazisaidii. Nguo nyepesi ya sufu au ya nyuzi zinazokauka haraka, nguo ya joto moja, na koti lisilopitisha upepo huchukua nafasi ndogo begini na hufanya kazi nzuri zaidi. Mwendeshaji anayetetemeka bila kukoma, akaanza kushindwa kushika klachi au kuzungumza kwa kuburuza maneno, asiendeshe tena. Apelekwe mahali pa joto na atafutiwe msaada wa kitabibu.

Dalili: mzigo haupungui kila unapopunguza

Hapa ndipo dalili nyingi zilizotangulia zinapoanzia. Chanzo kikuu ni kuchagua begi kwanza, kisha kulijaza. Panga vitu vyote sakafuni kabla ya kujua vitaingia wapi, nguo za siku tatu tu hata kama safari ni ya mwezi, kwa kuwa zinafuliwa. Halafu shika kila kimoja na ujiulize kinafanya kazi gani ambayo kingine hakiifanyi. Kitambaa kikubwa chepesi ni taulo, skafu na mto. Jaketi la joto la jioni ni lile lile la chini ya koti la mvua.

Zana zina jaribio lake. Wiki moja kabla ya safari, fanya matengenezo yote unayoyaweza kwa kutumia mfuko wa zana unaosafiri nao peke yake: kaza mnyororo, toa gurudumu la nyuma na kulirudisha, badilisha plagi, fungua betri. Spana ambayo hukuigusa na isiyoingia kwenye bolti yoyote ya pikipiki yako ibaki nyumbani, na ile uliyolazimika kwenda kuichukua kabatini iingie mfukoni. Vifaa vya pancha navyo vilingane na tairi: lenye tyubu linahitaji tyubu ya akiba na vyuma vya kutolea tairi, lisilo na tyubu linahitaji vizibo na kifaa cha kuvipenyeza, na yote mawili yanahitaji pampu.

Kuna vitu ambavyo havipunguzwi: mavazi ya kinga, koti la mvua, maji ya kunywa, huduma ya kwanza, na vifaa vya pancha. Huduma ya kwanza na vifaa vya pancha vikae mahali panapofikiwa bila kufungua mkanda hata mmoja, kwa kuwa huhitajika usiku, mvuani, kando ya barabara, na mara nyingi na mtu mwingine asiyejua ulivyopanga mabegi yako.